Tangazo Nililolipiga Muhuri

Nyinyi mnaosoma vyuoni siku hizi, nafasi ikitoka inawafuata mpaka kitandani, ndani ya simu. Wakati wetu nafasi ilikuwa karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa mkononi mwangu. Jina langu Kadzo, mzaliwa wa Rabai. Miaka yote ya tisini nilikuwa karani wa ubao wa matangazo katika chuo kimoja cha biashara pale Ganjoni, kisiwani Mombasa. Mechi za kandanda kule Tudor, midahalo, usaili, nafasi za masomo ya juu, mafunzo ya kazini, hata mtu aliyepoteza miwani yake, vyote vilipita kwangu kwanza. Msidhani ilikuwa kazi ndogo. Kuna juma moja katika kazi hiyo ambalo hadi leo nikilikumbuka, vidole vinakufa ganzi.

Lakini ngoja kwanza niwaambie habari za mbuzi.

Aliyenifunza kazi ni Bi Rukiya, mpiga taipu mkuu wa chuo na mwalimu wa taipu kwa wanafunzi. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, yeye na wazee wake na wazee wa wazee wake, na buibui lake halikuwa na kunyanzi hata moja. Siku yangu ya kwanza alinikuta nje nikibandika tangazo la mdahalo ukutani kwa gundi niliyoikoroga mwenyewe kwa unga wa ngano.

"Mwanangu," akasema, "mbuzi wa mtaa huu umeshajuana nao?"

Nilidhani ananitania. Kesho yake asubuhi mbuzi wa jirani walikuwa wameula mdahalo wote, mada na wasemaji, wakabakisha pembe moja ya karatasi iliyoandikwa "nyote mnakaribishwa". Mwenyekiti wa mdahalo alikaa ukumbini peke yake mpaka saa kumi.

Tangu hapo nikajifunza. Pwani hii hewa ina unyevu, karatasi iliyotoka kwenye mashine ya stensili ukiitundika mbichi wino unatambaa, na saa tatu inasomeka kama saa nane. Iache chini ya feni kwanza. Pini ziwe za shaba, maana za chuma zinapata kutu kabla ya juma kwisha na kuacha madoa kama ya damu. Na karatasi mbili zisipandiane kamwe. Hilo la mwisho nalo nilijifunza kwa aibu. Nilitundika tangazo la karamu ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na chini yake la uchangiaji damu, likapanda juu ya lile la kwanza. Watu wakasoma: "Karamu ya kuwaaga wahitimu itafanyika ukumbini. Kila atakayefika atatolewa damu kwanza, kisha apewe biskuti." Wahitimu wanne walikuja kuniuliza kama ni lazima. Bi Rukiya alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Muhuri. Kila tangazo la kutoka nje ya chuo lilikuwa halitundikwi bila muhuri, na muhuri ulikuwa wangu.

"Mtu akikuletea barua ya kazi," aliniambia, "nambari ya simu usiitoe kwenye barua yake. Itoe kwenye kitabu cha simu. Isipokuwamo, vaa viatu uende ukapaone. Watoto hawa hawaisomi karatasi, wanausoma muhuri. Wakiuona, wameamini."

Nilikuwa nimelishika hilo miaka mitano. Mwaka wa sita nikaliacha siku moja tu.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Bi Rukiya alikuwa mgonjwa wa homa ya matumbo, juma la pili hajaonekana kazini. Akaja bwana mmoja. Alipiga hodi, akasubiri kuitikiwa, akaingia. Shati jeupe la mikono mirefu, tai, mkoba wa ngozi. Alinisalimu salamu za watu wazima, akaniuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ndipo akaketi. Akajiita Bwana Shaban.

"Sisi ni mawakala wa forodha hapo Kilindini," akasema. "Tunataka vijana kumi na mmoja. Miezi mitatu ya mafunzo, na watakaofaa tutawaajiri."

Muelewe hali ilivyokuwa. Mwanafunzi asiyepata mafunzo ya kazini alikuwa hahitimu, na mwaka ule nafasi zilikuwa zimekauka. Niliwaona watoto wakirudi kutoka mjini jioni, viatu vimeisha soli, barua za kukataliwa mikononi. Na huyu hapa mtu analeta nafasi kumi na moja kwa mpigo, na hakutaka hata senti. Laiti angetaka, ningeshtuka.

"Waje na vyeti vyenyewe vya kidato cha nne, si nakala," akasema. "Nakala siku hizi zinaghushiwa sana, dada yangu. Na usaili ni Jumatatu. Ukiweza nichagulie wenye alama nzuri."

Nilifungua kitabu cha simu, jina la kampuni sikuliona. Akatabasamu akasema ofisi ni mpya. Basi nikapiga nambari iliyo kwenye barua yake. Akapokea mwanamke mwenye sauti laini: "Subalkheri, ofisi ya uwakala, nikusaidie?" Nyuma yake nilisikia watu na shughuli. Nikaridhika. Nikapiga muhuri. Kisha nikachukua kalamu, nikamwandikia majina kumi na moja ya wanafunzi bora wa chuo kizima. Kwa mkono wangu huu.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Nasra, msichana wa Mji wa Kale, mpole, alama zake hakuna aliyezikaribia. Baba yake, Mzee Twahir, alikuwa fundi wa kushona kanzu, naye alikuwa amekataa. Nilifunga safari Jumamosi mpaka dukani kwake.

"Bandarini mna watu wa kila namna," akaniambia, cherehani haijasimama.

"Mzee, hili nimelishughulikia mwenyewe. Barua nimeisoma na simu nimepiga."

Alisimamisha cherehani. Akaingia ndani, akarudi na bahasha iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kanzu, kama mtu anayebeba kitu cha kuvunjika. Ndani mlikuwa na cheti cha binti yake.

"Haya," akasema. "Nakupa weye. Siwapi wao."

Jumatatu walikwenda wote kumi na mmoja, wamepiga pasi, wamechana nywele. Walirudi wamefurahi. Wamesailiwa vizuri, vyeti vimebaki kule vikaguliwe, kila mmoja kapewa kijikaratasi cha kuvichukulia Alhamisi.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nikinyoosha pini zilizopinda. Niliinua macho nikawaona mlangoni, wote kumi na mmoja, kimya. Wanafunzi kumi na mmoja hawanyamazi hivyo hivyo.

"Bi Kadzo," Nasra akasema, "pale hapana ofisi."

"Mmekosea ghorofa."

"Hatukukosea. Chumba ni kile kile, kitupu. Meza hapana, viti hapana."

Sikumbuki kama nilifunga ofisi. Ninachokumbuka ni jua la barabara ya kwenda Kilindini na kiatu changu kimoja kikikatika kamba. Nilipanda ghorofa ya pili. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kufagiliwa kwenyewe ndiko kulikonitisha, maana mwenye kuondoka kwa haraka hafagii. Nikashuka nikaingia duka la chini, duka la magodoro. Msichana muuzaji akainua uso.

"Subalkheri," akasema, "nikusaidie?"

Ilikuwa sauti ile ile. 

"Dada, ni wewe uliyepokea simu Ijumaa ukasema ni ofisi ya uwakala?"

"Ndiyo," akajibu, bila hofu wala hila. "Bwana wa juu alisema simu yake haijaungwa. Akaniomba nimpokelee juma moja, na maneno ya kusema akaniandikia. Kwani kuna nini?"

Mkuu wa chuo hakunipigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alilitazama lile tangazo, akautazama muhuri, akanitazama mimi.

"Hili umelipiga wewe, Bi Kadzo?"

"Ni mimi."

"Ulikwenda kupaona?"

"Sikwenda."

Akanipa majuma mawili nivirudishe vyeti, la sivyo nirudi kwetu. Polisi waliandika maelezo yetu. Askari mmoja aliniambia waziwazi kwamba vyeti kama vile havipotei, vinafutwa jina na kuandikwa jina la mtu mwingine, mtu anayetaka kazi na hana alama. Nilikaa kwenye benchi la kituo, kichwa kitupu. Nilikuwa nikidhani mwizi huiba vitu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuiba miaka kumi na miwili ya darasani ya mtoto wa mwenzake, akampa mwingine aivae kama shati.

Nikaenda kwa Bi Rukiya. Nilimkuta kitandani, amekonda, nikamweleza yote nikilia. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja ambalo nililiona la wazimu.

"Majina kwenye vyeti vile yamepigwa kwa herufi za namna gani?"

"Bi Rukiya, mimi naharibikiwa, wewe waniuliza herufi?"

"Nisikize. Herufi zile si za taipureta za kawaida. Ni nyembamba, na mkia wa 'y' umekatwa. Anayetaka kuandika jina jipya lifanane na maandishi mengine, sharti abadilishe herufi za mashine yake. Na Mombasa hii anayebadilisha herufi kwa mkono namjua mmoja tu."

Akainuka. Nilimkataza, hakusikia. Tulikwenda nimemshika mkono, tukipumzika kila kona, mpaka kibanda cha fundi wa taipureta, Mhindi mmoja mzee aitwaye Fundi Jayanti. Bi Rukiya akamchorea ile 'y' kwenye kipande cha karatasi.

"Ndiyo," akasema fundi. "Kijana mmoja mpole sana, anajua mashine. Nimembadilishia mwezi huu huu. Akataka nimpelekee utepe mpya, ndiyo maana kwake nimepaandika." Akafungua daftari lake. Chumba cha uani, Tudor.

Tukaenda kituo cha polisi, tukapewa askari yule yule. Mchana wa saa saba tulikuwa kwenye ule ua. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani taipureta ilikuwa ikilia, taratibu, herufi moja moja. Askari akainua mkono abishe. Bi Rukiya akamzuia. Akasimama, akainamisha kichwa, akasikiliza. Nikaona uso wake unabadilika.

"Huyu," akanong'ona, "nimemfunza mimi."

Ameijua mikono ya mtu kwa mlio tu! Askari akabisha. Mashine ikanyamaza, mlango ukafunguka.

Alikuwa Kazungu. Hamumjui, lakini mimi nilimjua sana. Miaka mitatu nyuma alimaliza wa kwanza chuoni. Picha yake niliitundika mimi katikati ya ubao, nikaiacha muhula mzima. Mtoto wa kwetu Rabai, mama yake na mimi tukikaa benchi moja kanisani.

"Karibu, Bi Kadzo," akasema, kama mtu aliyetembelewa Sikukuu. Kisha akamwona Bi Rukiya, akaketi sakafuni.

Vyeti kumi vilikuwa kwenye mfuko chini ya meza, salama. Cha kumi na moja kilikuwa kwenye mashine. Kilikuwa cha Nasra. Walikianza hicho kwa sababu kilikuwa bora kuliko vyote. Jina lake limekwanguliwa kwa wembe, karatasi imebaki nyembamba mpaka mwanga unapita, na juu yake herufi nne za jina la mtu nisiyemjua.

"Kazungu," nikasema, "uliona muhuri wa nani kwenye tangazo lile?"

"Nilijua ni wako." Hakunitazama. "Barua niliiandika mimi. Na ni mimi niliyemwambia yule bwana aje kwako wakati Bi Rukiya hayupo."

Nilimwuliza kwa nini.

"Miaka mitatu tangu nimalize nimekuwa nikija kuusoma ubao wako. Kila Jumatatu. Nilisimama nyuma ya wanafunzi, ndiyo maana hukuniona. Nafasi zote ulizotundika niliziomba. Zote, Bi Kadzo. Yule bwana ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ana kazi ya mikono yangu."

Bi Rukiya alikitoa cheti kwenye mashine kwa uangalifu, bila kukichana, kama alivyotufunza sote kutoa karatasi. Yule aliyejiita Shaban hakupatikana hadi leo.

Safari ngumu kuliko zote ilikuwa ya dukani kwa Mzee Twahir. Alikishika kile cheti kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akaona upande wa pili.

"Hapa ndipo lilipokuwa jina lake?"

"Ndipo, Mzee."

"Hukuiba weye," akasema. "Lakini nilikupa weye." Kisha akaagiza kahawa, nikanywa. Angenifukuza ningeondoka mwepesi.

Mkuu wa chuo alinibakisha kazini, nikapewa onyo la maandishi. Mimi na Nasra tulikwenda Nairobi, ofisi ya mitihani. Wakasema cheti hakitolewi mara mbili, wakatupa barua tu ya kuthibitisha alama zake. Na barua, jamani, si cheti. Ofisi tano za Mombasa ziliisoma zikamrudishia. Kila mara nilikuwa nimekaa naye nje, maana niliapa hataingia usaili hata mmoja peke yake. Ya sita ilikuwa kampuni ya mizigo, safari hii nimekwenda kuiona mara tatu na kuzungumza hata na mlinzi wa lango. Meneja, mama mmoja wa makamo, hakuitazama sana ile barua. Alimsukumia Nasra rundo la hati za shehena.

"Hapa pana kosa. Litafute."

Nasra alisoma labda dakika kumi. "Makosa ni mawili," akasema. "Uzito wa hati hii na hii haulingani. Na meli hii imeandikwa imefika kabla ya kuondoka ilikotoka."

Yule mama alivuta zile hati akazisoma tena. La pili hakuwa akilijua. Nasra alianza kazi Jumatatu iliyofuata, na kabla sijastaafu alikuwa na ofisi yake mwenyewe yenye mlango na jina lake juu.

Sasa Kazungu. Alifungwa. Alipomaliza kifungo, siku moja nilikuwa ofisini nikipanga matangazo, hodi ikapigwa. Alikuwa amepungua nusu. Akanisalimu, akasimama.

"Nimekuja kuomba barua ya sifa, Bi Kadzo."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Mtu aliyeniuza! Nilimwambia anipishe. Bi Rukiya, aliyekuwa mezani kwake amebakiza miezi michache aache kazi, aligeuka.

"Mwandikie," akasema. "Lakini usifiche kitu."

Nikaandika. Niliandika kwamba Kazungu ni hodari wa kazi za ofisi kuliko kijana yeyote niliyemwona, msafi, mwepesi kuelewa. Kisha nikaandika alichokifanya, na kwamba aliyefanyiwa ni mimi, na kwamba amekitumikia kifungo chake. Nikasaini, nikapiga muhuri. Akaisoma amesimama.

"Uondoe hiki kifungu cha pili," akasema.

"Sikiondoi."

Akaiacha mezani akaenda zake. Siku mbili zilipita, roho yangu haikutulia. Siku ya tatu akarudi. "Nipe," akasema, akaikunja akaitia mfuko wa shati.

Miezi ilipita sijasikia habari. Kisha Jumamosi moja nikakutana naye sokoni, amevaa aproni ya ghala la mbao, vumbi la msumeno mpaka kwenye kope. Alikuwa karani wa ghala. Mwenye ghala, akaniambia, ni mzee asiyependa maneno.

"Ulimpa ile barua?" nikamwuliza. "Yote?"

"Nilimpa." Alifuta uso kwa kiganja. "Wengine walikuwa wakifika katikati wananirudishia. Huyu aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza naweza kuanza lini."

Akalia pale pale, mbele ya vikapu vya embe na watu wanaopita. Nami nikasimama naye mpaka akamaliza.